Wanaohesabu Wasioonekana

Nzohe akisikia mtumbwi unakuja hakurupuki. Hurudi nyuma taratibu, hatua moja moja, hadi maji yamfike shingoni, kisha huzama na kubakiza pua tu katikati ya mafunjo. Kwato zake ni ndefu na hupanuka zinapokanyaga, ndiyo maana hupita juu ya matope na majani yanayoelea ambako swala mwingine angenasa. Manyoya yake yana mafuta na hayashiki maji. Jike ana wekundu wa majani makavu, dume ana kijivu cha tope, na mistari hafifu ya mwilini mwao hupotea kabisa pale jua linapopenya vipande vipande kati ya mabua. Mchana hulala juu ya matete aliyoyakanyaga mwenyewe hadi yakawa kitanda. Kutoka hapo hadi malishoni hupita katika vichochoro vya ndani ya mafunjo ambavyo mtu aliyesimama hatua chache pembeni hajui kama vipo.

Kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, mkoani Geita, ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambako mgeni ana matumaini ya kweli ya kumwona. Hapo hakuna simba wala chui wa kumsumbua, kwa hiyo huthubutu hata kutoka kwenye majimaji na kuingia msituni. Pamoja na hayo, ukimuuliza mtu wa hifadhi nzohe wako wangapi, naye akiwa mkweli, hatakujibu haraka.

Makala hii ni ya watu wanaolazimika kulijibu swali hilo kwa tarakimu: askari wa wanyamapori, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) na wa vyuo, wafuatiliaji nyayo waliokulia kandokando ya mapori, warina asali wanaoajiriwa kwa majuma machache ya kazi kisha wakarudi kwenye mizinga yao. Nawaheshimu sana. Kuhesabu kiumbe ambacho maisha yake yote ni kukwepa kuonwa ni ufundi mgumu, na kiini cha ufundi huo ni kujua umeshindwa kuona kiasi gani, na kukipima kiasi hicho bila kujidanganya.

Watu wa Shinyanga wangestahili kujua kwamba sehemu ya ufundi huu ilipikwa kwao. Miaka ya 1930 makao ya idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika yalikuwa Shinyanga, chini ya C.F.M. Swynnerton, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya nchi hii chini ya Waingereza. Vijana wenye nyavu za mkononi walipita njia ile ile porini, wakasimama kwenye vituo vile vile, wakakamata mbung'o waliowajia na kuandika idadi. Tatizo ni kwamba mbung'o anayemjia mtu ni yule mwenye njaa, na mara nyingi ni dume. Walioshiba wametulia chini ya tawi au juu ya ganda la mti, rangi moja na ganda lenyewe, hawana haja na mtu. Wavu ulikuwa unapima njaa ya mbung'o pamoja na wingi wake, na huwezi kuvitenganisha viwili hivyo kwa kuangalia daftari.

Mtafiti wa idara hiyo, C.H.N. Jackson, alilishika tatizo hilo na kulikazania. Mwaka 1933 alichapisha makala kuhusu wingi wa kweli wa mbung'o, akiutofautisha na wingi unaoonekana. Njia yake ilikuwa kuwatia alama za rangi, kuwaachia, na kuwakamata upya. Tuseme umekamata mbung'o 200, ukawatia nukta mgongoni, ukawaachia. Siku chache baadaye unakamata 100, na kati yao 10 wana nukta. Kama moja ya kumi ya uliowakamata sasa ina alama, basi wale 200 wa kwanza ni kama moja ya kumi ya wote, na pori lina mbung'o wapatao 2,000. Hujawaona hata robo yao.

Wazo hilo lina wazazi wengine. Mdenmark C.G.J. Petersen alilitumia kwa samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Mmarekani Frederick Lincoln kwa bata mwaka 1930. Kinachonivutia kwa Jackson ni jinsi alivyoyachukulia masharti yake. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza. Masharti ndiyo mzigo: rangi isibanduke, nukta isimfanye mdudu aonekane upesi na ndege, waliotiwa alama wachanganyike na wenzao, aliyekamatwa mara moja asijifunze kukwepa, na katikati ya kukamata mara ya kwanza na ya pili asizaliwe, asife, asihame yeyote. Hili la mwisho porini haliwezekani. Jackson hakulifumbia macho. Alitumia rangi tofauti kwa nyakati tofauti ili ajue kila mbung'o alitiwa alama lini, na kwa kuangalia jinsi kila rangi inavyopungua akakadiria wanaokufa na wanaohama ni wangapi. Mwaka 1939 alichapisha uchambuzi mwingine juu ya hayo hayo. Sayansi nzima ya leo ya kukadiria idadi ya chui, papa au nyangumi kwa kuwatambua mara ya pili inapita kwenye njia hiyo.

Inaniuma kwamba kazi ile ile iliyotufundisha kuhesabu ilikwenda sambamba na ukataji wa miti. Mbung'o anahitaji kivuli, kwa hiyo vichaka vya Usukuma vilifyekwa, pamba na ng'ombe vikafuata, na wanyama wengi wa vichakani wakaondoka bila mtu kuandika walikuwa wangapi. Nitarudi kwenye vichaka hivyo.

Msomaji wa Geita au Kahama ana mfano mmoja karibu naye unaoeleza kazi hii vizuri. Mgodi mkubwa unapotangaza kwamba chini ya kilima fulani kuna wakia kadhaa za dhahabu, hakuna mtu aliyeziona. Wajiolojia wamechoronga mashimo kwa umbali maalumu, wametoa sampuli za mwamba, maabara imepima, na kwa kujua nafasi kati ya shimo na shimo wamekadiria kilichomo kwenye mwamba ambao haujaguswa. Hakuna mwekezaji anayewacheka. Mhesabuji wa wanyama anafanya vivyo hivyo, ila dhahabu yake ina masikio. Inasikia mashine ikija, inasogea, na usiku inahamia upande wa pili wa kilima.

Shimo lake la kuchoronga ni mkuza. Ni mstari ulionyooka, uliochorwa kwenye ramani kabla mtu hajafika porini, na mahali unapoanzia pamechaguliwa kwa bahati nasibu. Hapo ndipo nidhamu inapoanza. Mkuza hauulizi kama mbele kuna mwiba, bwawa au kichuguu. Mtu wa kawaida atataka kufuata njia ya ng'ombe kwa sababu inapitika, au kwenda pale alipoona wanyama mwaka jana kwa sababu anajua wapo. Akifanya hivyo amehesabu njia ya ng'ombe na kumbukumbu zake mwenyewe. Mhesabuji mzuri anaingia kwenye miiba kwa sababu ramani imesema aingie, na anathamini kilomita aliyotembea bila kuona kitu sawasawa na ile aliyoona kumi.

Anatembea polepole kuliko unavyodhani. Hatua chache, anasimama, anaangalia pande zote, nyuma pia, maana nsya aliyelala hukaa tuli mpaka umpite ndipo anyanyuke. Akimwona mnyama hamkimbilii. Anaweka alama akilini pale mnyama alipokuwa kabla hajashtuka, kisha anapima umbali wa kutoka pale hadi kwenye mkuza, kwa pembe mraba. Umbali huo ndio siri yote. Kama karibu na mstari, ndani ya mita 5 za kwanza, ameona digidigi 12, na kati ya mita 20 na 25 ameona 3 tu, hana sababu ya kuamini kwamba digidigi wanapenda kukaa karibu na mkuza ambao hawajui kama upo. Wapo kotekote, macho yake ndiyo yaliyopungua nguvu. Jinsi idadi inavyoshuka kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo upofu wake unavyojionyesha, na kwa kuuchora upofu huo kwenye karatasi anaweza kuwarudisha hesabuni wale asiowaona.

Nguzo ya kazi hiyo ni moja: mnyama aliye juu ya mstari wenyewe asikosekane hata mmoja. Kwa hiyo mtu wa mbele haruhusiwi kutupia macho mbali huku anapita juu ya sungura aliyejibanza miguuni pake. Nguzo nyingine ni kuandika umbali kama ulivyo. Macho ya binadamu yanapenda namba za mviringo, na daftari la mtu mvivu utalijua mara moja, kwa sababu wanyama wake wote wamesimama mita 5, 10, 15 au 20, hakuna aliyewahi kusimama mita 7. Nimependa siku zote kwamba daftari linaweza kumshtaki mwenyewe namna hiyo.

Kuna wanyama ambao hata mkuza hauwapati. Rubondo tena ni shule nzuri. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya Profesa Bernhard Grzimek, lilileta kisiwani sokwe 17. Walikuwa wamekamatwa wadogo Afrika Magharibi na ya Kati, wakaishi Ulaya kwenye bustani za wanyama, kisha wakarudishwa Afrika na kufunguliwa msituni. Basi hapa tuna kitu adimu: kisiwa kisichokuwa na sokwe kabla, ambacho idadi ya kwanza inajulikana kwa uhakika. Vizazi vimepita, na hata hapo mtu hawezi kukaa ofisini akajumlisha. Msitu ni mzito, sokwe hutembea kwa vikundi vinavyogawanyika na kuungana kila siku, na kwa miaka mingi walikuwa wakimsikia binadamu wanatoweka.

Njia ni kuangalia juu. Kila sokwe aliyeachishwa kunyonya hujitengenezea kiota kipya karibu kila jioni, kwa kukunja matawi na kuyalaza. Sokwe anaondoka alfajiri, kiota kinabaki kwa majuma au miezi. Mhesabuji anatembea shingo imeinuka, na anajua kwamba kiota kinachojificha ukija kutoka mashariki kinaweza kuonekana wazi ukigeuka baada ya kukipita. Anatofautisha kiota cha sokwe na kiota cha ndege mkubwa kwa kutazama kama matawi yamekunjwa yakiwa mabichi au yameletwa yakiwa makavu. Kisha anakipa umri. Majani mabichi na kinyesi kibichi chini yake: kililaliwa usiku uliopita. Majani yamenyauka lakini bado kijani, halafu hudhurungi, halafu matawi matupu yanayopitisha mwanga.

Hapo idadi ya viota inageuzwa kuwa idadi ya sokwe kwa kugawanya: kwa viota ambavyo sokwe mmoja hutengeneza kwa siku, na kwa siku ambazo kiota hudumu. Sehemu ya pili ndiyo inayotenganisha fundi na mbabaishaji. Kiota kwenye mti wa majani magumu hudumu kuliko kwenye mti wa majani laini. Mvua na upepo wa ziwa hukifupishia umri. Ukichukua muda uliopimwa kwenye msitu wa nchi nyingine ukautumia Rubondo, unaweza kuongeza sokwe au kuwaua makumi kwa kalamu. Kwa hiyo wenye subira huchagua viota vipya, huviandikia tarehe, na kuvirudia mara kwa mara hadi kila kimoja kiishe. Ni miezi ya kwenda kutazama majani yakikauka. Au hupita mkuza ule ule kila baada ya muda mfupi na kuhesabu viota vipya peke yake, ili swali la umri lisiwepo kabisa.

Kinyesi kina habari nyingine. Josefine Msindai na wenzake walikusanya vinyesi vya sokwe wa Rubondo, wakasoma vinasaba vilivyomo, na mwaka 2015 wakachapisha asili ya mababu wa sokwe hao huko walikokamatwa. Vinasaba hivyo hivyo vinaweza kumtambulisha sokwe mmoja mmoja, na hapo tumerudi kwa Jackson na nukta zake, safari hii bila kumgusa mnyama. Chui naye amezaliwa na alama zake: madoa ya ubavuni hayafanani kati ya chui na chui, kwa hiyo kamera mbili zilizofungwa kwenye miti, moja kila upande wa njia, zinampiga picha kushoto na kulia, na akipita tena anatambulika. Kamera hizi zimesaidia sana. Lakini anayeifunga lazima ajue chui anapita wapi, na hilo hujalinunua pamoja na kamera. Linajulikana na yule anayesoma unyayo kwenye vumbi na kusema umepita kabla ya umande au baada yake, kwa kuangalia kingo zake na njia za siafu waliokatiza juu yake.

Ndege ya kuhesabia inafaa tembo, nyati na nyumbu. Grzimek huyo huyo na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege mwaka 1958 na kupata nyumbu wasiofika 100,000. Mwaka 1961 wahesabuji wengine walipata zaidi ya 260,000. Nyumbu hawazaani kwa kasi hiyo ndani ya miaka mitatu. Sehemu ya tofauti ilitokana na eneo lililopitiwa, na sehemu na macho. Ikiwa mnyama mweusi aliyesimama kwenye mbuga wazi anakosekana hivyo, mafunjo yatatufanya nini?

Jibu liko magharibi ya Kahama na Bukombe, kwenye mabwawa ya Kigosi na Moyowosi, sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu ya Ramsar mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania. Huko anaishi korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye kimo cha mtoto wa shule na mdomo mnene kama kiatu, anayeweza kusimama tuli kwa muda mrefu sana akimsubiri kambare. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000. Kwa Tanzania makadirio yamewahi kupishana kutoka mamia machache hadi zaidi ya 2,000, kutegemea nani ameruka, msimu gani, na amewafikiriaje wale walio chini ya mafunjo. Wapo wanaoona aibu katika tofauti hiyo. Mimi naona aibu ingekuwa kuificha. Pengo kati ya namba ya chini na ya juu ni ukubwa wa bwawa ambalo bado halijaingiwa kwa mtumbwi.

Sasa nirudi kwenye vichaka vya Shinyanga. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa ambao watu walikuwa wameanza kuuita jangwa. Wasukuma waliufufua utaratibu wao wa zamani wa ngitili, wa kufunga eneo la malisho ili majani na miti vipumzike. Kutoka takribani hekta 600 zilizoandikishwa mwanzoni, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 350,000 katika vijiji 833. Miti ni rahisi kuhesabu, haikimbii. Lakini nani amerudi kuishi ndani yake? Mzee atakwambia ameona mondo, kijana atasema amesikia fisi. Nungunungu anaacha miiba yake, muhanga anaacha shimo. Kakakuona haachi karibu kitu.

Hapa ndipo penye sentensi ngumu kuliko zote katika kazi hii: hayupo. Tuseme kila unapoingia kwenye ngitili una nafasi moja kati ya tano ya kumkuta mnyama fulani, kama kweli anaishi humo. Ukiingia mara 5 bila kumwona, uwezekano wa kumkosa hivyo hata kama yupo bado ni karibu theluthi moja. Ukiingia mara 10, uwezekano huo ni kama asilimia 11. Ni baada ya mara 20 tu ndipo unashuka hadi karibu asilimia 1. Afisa anayeandika baada ya kutembelea mara moja kwamba eneo halina wanyama wa maana ameandika kuhusu mguu wake tu. Na sentensi hiyo ina madhara, hasa kwenye mkanda wa dhahabu, ambako miti hukatwa kuwa matimba ya kuegemeza maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na eneo lililoandikwa kuwa tupu hupata kibali upesi kuliko lililoandikwa kuwa halijachunguzwa.

Nina maombi mawili kwa wanaochapisha taarifa hizi na kwa waandishi wa habari wanaozinukuu. La kwanza, namba isitolewe peke yake. Andikeni ya chini na ya juu, urefu wa mikuza iliyotembewa, msimu, na saa. Msomaji wa Geita anayejua tofauti ya mbale, yaani mawe ya dhahabu, iliyopimwa na mbale ya kusikia atawaelewa. La pili linahusu majina. Makala ya mwaka 1933 ina jina moja kichwani, la Jackson, ilhali waliokuwa wakishika nyavu juani walikuwa vijana wa huku. Leo mrina asali wa Ushirombo anayemwonyesha mtafiti kichochoro cha nzohe, na askari anayerudi kwenye kiota kile kile miezi mitatu mfululizo, ni wahesabuji kamili. Wakikubali, majina yao yaandikwe kwenye taarifa pamoja na ya wengine, na walipwe kama mafundi.